Kamera ya mwalimu: mkono ulivuta, filamu haikwenda

Kabla sijaigusa kamera yenyewe, nilimwomba mwalimu anionyeshe negativu, yaani filamu yake iliyokwisha kusafishwa. Alishangaa. Alikuwa ametoka Luanda, kule Vihiga, hadi kwangu Kisumu kwa matatu ya alfajiri, ameipakata Pentax yake ndani ya mfuko wa kitenge, na alichotaka ni nifungue mkono wa kuvutia filamu nione springi iliyokatika.

"Fundi, ubovu uko kwenye huo mkono," aliniambia. "Nimeutumia karibu miaka arobaini. Naujua. Umelegea."

"Nimekusikia, mwalimu. Lakini hebu kwanza nizione picha zilizoharibika."

Alikuwa nazo ndani ya bahasha, zimekunjwa kama utepe. Maabara ya Nairobi iliyoisafisha ile filamu haikuikata vipande vya picha sita sita kama ilivyo desturi, kwa sababu aliyeshika mkasi hakuona pa kukatia. Kwangu hiyo ilikuwa bahati. Mkanda mzima ulikuwa mbele yangu, tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho.

Zilikuwa picha za kumbukumbu ya dada yake, mwaka mmoja baada ya mazishi. Nusu ya kwanza ya mkanda ilikuwa safi: wazee kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, kwaya ya kanisa, mchungaji amesimama kando ya kaburi lililosakafiwa. Halafu mambo yakaharibika. Uso wa shangazi mmoja ulikuwa umekaliwa na masufuria ya jikoni. Wajukuu waliopangwa mstari walikuwa wamepandiwa na migomba ya jirani. Mwalimu alisimama nyuma yangu bila kusema neno nilipokuwa nikizitazama, na nilielewa kwamba hakuja kwa ajili ya chombo tu.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu mafundi wenzangu wengi, hata wenye mikono mizuri, wakisikia "filamu haivuti" hukimbilia mkono na kuufungua. Mara nyingi mkono hauna kosa. Na mara nyingi jibu limeshaandikwa kwenye filamu yenyewe, ikiwa tu mtu ataisoma kabla ya kushika bisibisi.

Niliutandaza ule mkanda kwenye kioo cha dirisha, nikachukua rula nikaanza kupima. Kwenye filamu ya milimita 35, picha moja ina upana wa milimita 36, na kati yake na jirani yake inatakiwa ibaki nafasi ya milimita 2 hivi. Kwa hiyo kila mkono unapovutwa, filamu inatembea milimita 38. Hayo ni matundu 8 ya pembeni, si saba wala tisa, maana kutoka tundu moja hadi jingine ni milimita 4.75. Kinachoihesabu safari hiyo ni gurudumu dogo lenye meno, lililo kati ya dirisha la picha na spuli inayoipokea filamu. Meno yanaingia matunduni, gurudumu linazunguka, na filamu haiwezi kwenda zaidi wala pungufu ya pale meno yalipoifikisha. Ndiyo maana kwenye kamera nzima nafasi kati ya picha hulingana mkanda wote.

Kwenye mkanda wa mwalimu hazikulingana. Kati ya picha ya kwanza na ya pili palikuwa na milimita 5. Kufikia ya kumi, nafasi ilikuwa imerudi milimita 3. Ya 15 na ya 16 zilikuwa zimegusana mabega. Kuanzia ya 17 zikaanza kupandana, kwanza kwa upana wa punje ya mchele, na kufikia ya 30 kila picha ilikuwa imemezwa karibu nusu na mwenzake. Baada ya picha ya mwisho ilibaki filamu tupu isiyopigwa kitu, urefu wa kama shubiri moja. Kaunta ya kamera ilikuwa imefika 36, mwalimu alikuwa na hakika na hilo, na alisema kweli. Kaunta huhesabu mivuto ya mkono. Haijui filamu iko wapi.

Nikavaa lenzi ya fundi saa nikakagua matundu ya pembeni, moja baada ya jingine. Yote yalikuwa mazima. Hapakuwa na lililochanika, hapakuwa na hata alama ya jino lililokwaruza.

Mambo mawili hayo, nafasi zinazopungua na matundu yasiyo na jeraha, yalitosha kunionyesha njia. Kama gurudumu la meno lingekuwa limeishika filamu, nafasi ya milimita 5 isingepatikana kamwe, kwani meno yangeizuia. Na kama lingekuwa limeishika huku filamu imekwama mbele, meno yangerarua matundu. Kumbe gurudumu lilikuwa likizunguka ovyo tu, halishiki wala halizuii. Filamu ilikuwa ikivutwa na spuli peke yake.

Hapa lazima nieleze spuli inavyofanya kazi, maana ndipo kiini cha kisa kilipo. Filamu ikijikunja juu ya spuli, spuli inanenepa, kama kidonge cha uzi wa katani kinavyokua mkononi. Kitu kinene kikizunguka kiasi kilekile huvuta urefu mkubwa zaidi. Kama spuli ingefungwa moja kwa moja kwenye gia, ingetaka kuvuta filamu nyingi kuliko gurudumu la meno linavyoruhusu, na kitu kingekatika kabla mkanda haujafika katikati. Kwa hiyo watengenezaji huweka klachi ndani ya spuli. Ni springi au kiwambo kinachobana kwa msuguano: spuli inazunguka na gia mpaka filamu ikaze, kisha inateleza. Kila dereva wa matatu anaijua klachi inayoteleza. Kwenye gari ni ugonjwa, kwenye kamera ndiyo kazi yake, ilimradi iteleze kwa kiasi.

Sasa tazama kinachotokea gurudumu la meno likiacha kazi. Mwanzoni spuli inavuta kwa haraka yake, kupita milimita 38, ndipo tunapata nafasi pana. Kadiri inavyonenepa, nguvu ileile ya klachi inavuta kutoka mbali zaidi na kitovu, kwa hiyo inafika kwenye filamu ikiwa dhaifu. Wakati huohuo, upande wa pili, filamu iliyobaki ndani ya kopo imepungua kuzunguka kijiti chake, na kuitoa kunahitaji nguvu zaidi. Mvutaji anachoka na mzigo unaongezeka. Klachi inateleza mapema kila mvuto, filamu inasogea kidogo zaidi ya nusu ya safari, picha zinapandana.

Lakini klachi yenye afya ingedhoofika hivyo mapema, kwenye picha ya 17 tu? Hilo lilinisumbua. Niliandika kwenye daftari langu: gurudumu la meno limeachia, na huenda klachi ya spuli pia ni dhaifu. Ningekuwa nimeyashika vizuri maneno yangu mwenyewe, ningeokoa siku nzima. Nitafika hapo.

Kuhusu kamera yenyewe sina haja ya kusema mengi. Ilikuwa Pentax K1000, mashine iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997 na kuuzwa zaidi ya milioni 3. Hii ya mwalimu ina maandishi ya ASAHI PENTAX kwenye paji la uso, ishara ya toleo la miaka ya mwanzo. Aliinunua kwa mwalimu mwenzake wa kujitolea aliyekuwa akirudi kwao Uingereza, na kwa miaka mingi ndiyo iliyopiga picha za vidato vya nne, ubatizo na harusi kuanzia Luanda hadi Maseno, pale ikweta inapoikata barabara. Ni kamera ya makanika mtupu. Betri yake ndogo inalisha kipima mwanga peke yake. Shata, yaani mapazia yanayofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu, kioo na mwendo wa filamu vyote ni springi na gia. Naipenda kwa sababu hiyo. Chombo cha namna hii kikiugua, ugonjwa wake unaonekana kwa macho na unashikika kwa vidole.

Na ndiyo sababu mwalimu alidhani mkono umelegea. Unapovuta mkono wa K1000 unafanya kazi tatu kwa pamoja: unasogeza filamu, unakaza mapazia ya shata, na unatayarisha kioo. Uzito mwingi unaousikia kwenye kidole gumba ni wa springi za shata na kioo. Filamu yenyewe ni nyepesi sana, haichangii sehemu kubwa. Kwa hiyo filamu inaweza kuwa imelala palepale huku kidole kikihisi kwamba kazi imefanyika, au kikahisi ulaini kidogo tu. Ulaini huo ndio aliousikia. Alihisi jambo la kweli akalipa jina jingine.

Mwalimu alirudi Luanda akaniachia kamera. Nilifungua mgongo wake, bila filamu, nikavuta mkono polepole. Gurudumu la meno lilizunguka, spuli ilizunguka. Mtu angetosheka hapo. Nikarudia nikiwa nimelitua gurudumu kidole, kwa uzito usiozidi ule wa kumgusa mtoto aliyelala. Lilisimama. Mkono uliendelea na safari yake hadi mwisho, shata likakazwa, gurudumu halikusogea.

Chini ya kamera kuna kitufe cha kurudishia filamu. Mkanda ukiisha, unakibonyeza, nacho kinaliachanisha gurudumu la meno na gia ili filamu iweze kurudi nyuma ndani ya kopo. Ukiweka mkanda mpya na kuvuta mkono, kitufe kinatakiwa kiruke nje chenyewe na kulishikisha gurudumu tena. Nilikitazama kwa upande, jicho likiwa usawa wa kitako cha kamera. Kilikuwa kimeinuka, lakini hakikufika juu. Kilibaki ndani kwa unene wa kadi ya simu. Mtu akikitazama kutoka juu angesema kiko sawa.

Nilipotaka kufungua bamba la chini, nikakuta skrubu zimeliwa vichwa. Kuna mtu aliyenitangulia, na alitumia bisibisi ya msalaba ya kawaida. Skrubu za kamera za Kijapani zina msalaba wa umbo lake, wenye kina tofauti kidogo. Bisibisi ya kawaida haikai hadi chini, inaruka na kuusaga msalaba. Bisibisi zinazofaa zipo, na asiye nazo anaweza kuichonga ncha ya ile ya kawaida kwa tupa mpaka ikae. Moja ya skrubu zile ilinichukua saa nzima, tone la petroli, kusubiri, kukandamiza, robo mzunguko, tone jingine.

Bamba lilipotoka, nilisikia harufu kabla sijaona. Mafuta ya cherehani. Kila aliyekulia nyumba yenye fundi nguo anaijua. Yalikuwa yameenea kwenye gia zote, yanang'aa chini ya taa, na yametambaa kwenye bamba hadi ukingoni mwa chumba cha betri. Chini ya mng'ao huo ndipo ilipokuwa grisi ya awali, ile ya kiwandani, imegeuka rangi ya hudhurungi na kukauka kama utomvu wa mwembe kwenye gome. Kuzunguka mhimili wa kitufe ilikuwa imefanya pete ngumu, na ndani ya pete hiyo mlikuwa mmenasa chembe nyeusi. Nilizipekecha katikati ya vidole. Zilikuwa sponji, ile ya kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma, ambayo ikizeeka huoza na kuwa kama lami.

Nikampigia simu. "Habari ya huko, mwalimu. Samahani, kuna mtu aliwahi kuifungua kabla yangu?"

Alinyamaza kidogo. "Kuna kijana alinitilia mafuta. Alisema itakuwa laini. Na kweli ilikuwa laini, wiki mbili hivi, ndipo nikaenda nayo kwenye kumbukumbu."

Sikumlaumu mwalimu, na sina sababu ya kumtaja yule kijana. Lakini nitalisema wazi jambo lenyewe, kwa kuwa limeua kamera nyingi mjini hapa: mafuta ya cherehani hayana kazi ndani ya kamera. Ni mepesi na yanatembea. Yakiwekwa tone moja chini, baada ya majuma kadhaa yako mahali pengine kabisa. Yanapoikuta grisi ngumu yanaitengeneza uji unaobeba uchafu. Na yanapofika mahali panapotegemea msuguano, yanauondoa.

Pete ile ngumu ilikuwa imetoka wapi? Sanduku la kamera lilikuwa juu ya kabati, chini ya paa la mabati lisilo na dari. Mchana joto la mabati huilainisha grisi, sehemu yake nyepesi ikajitenga na kukimbia, usiku inayobaki inakaza. Fanya hivyo miaka thelathini. Huku kwetu karibu na ziwa kuna na unyevu wa kuongezea, ingawa kwenye kamera hii kutu ilikuwa kidogo, na lenzi haikuwa na ukungu.

Sikung'oa gia. Gia za chini za kamera hii zina mpangilio wake na shata na kioo, na ukiirudisha moja ikiwa imepishana kwa jino moja umejitengenezea kazi nyingine. Kifuniko cha juu pia sikukigusa, kwa kuwa hakuna dalili hata moja iliyokuwa imenielekeza huko, na huko ndiko ziliko nyaya nyembamba za kipima mwanga. Nilichofanya ni kusafisha papo hapo. Petroli safi, ile ya kutia kwenye viberiti vya utambi, brashi ya rangi ya maji namba ndogo kabisa, vijiti vya meno vilivyochongwa, na vitambaa vya pamba vya kunyonya. Mafuta ya taa hayafai, yanaacha utando. Kamera niliiweka kichwa juu, kitako chini, ili kinachotoka kidondoke nje badala ya kuingia kwenye shata. Hiyo inamaanisha kufanya kazi shingo imepinda ukitazama kutoka chini, na hakuna njia nyingine ninayoiamini.

Pete ilikatika vipande vipande. Mara ya nne nilipoweka petroli na kukibonyeza kitufe, kiliruka. Nilikisikia: tik. Nikaweka kidole tena juu ya gurudumu la meno, nikavuta mkono, nalo likakisukuma kidole changu pembeni bila kusita.

Nikafurahi mapema. Niliweka kipande cha filamu ya zamani mgongo ukiwa wazi, nikavuta mara tano, nikapima kwa rula: milimita 38, kila mara. Nikafunga bamba, nikamwandikia mwalimu ujumbe kwamba aje keshokutwa.

Jioni ile, kwa mazoea tu, nikaweka mkanda mzima wa majaribio na kufunga mgongo. Mvuto wa kwanza hadi wa nane ulikwenda. Wa tisa ukawa mzito katikati. Nikasimama hapohapo. Nikauachia mkono taratibu, nikafungua mgongo. Kati ya gurudumu la meno na spuli, filamu ilikuwa imejikunja kama mkunjo wa kodiani. Gurudumu lilikuwa likiisukuma mbele kwa uaminifu, matundu nane kila mvuto, lakini spuli haikuipokea. Ilikuwa ikiteleza bure. Kama ningelazimisha mvuto ule wa tisa, filamu ingetoka kwenye meno, matundu yangechanika, na chembe za plastiki zingeingia ndani ya gia nilizotoka kuzisafisha.

Ndipo niliporudi kwenye daftari nikayakuta maneno yangu: huenda klachi ya spuli pia ni dhaifu. Nilikuwa nimeandika, kisha nikayasahau kwa furaha ya ile tik. Na kipimo changu cha kwanza kilikuwa kibovu kwa namna mbili. Mgongo ukiwa wazi, bamba la kukandamiza haliigusi filamu, kwa hiyo filamu haina mzigo wa kuvuta. Na mivuto mitano haitoshi kuinenepesha spuli. Nilikuwa nimepima mahali pasipo na ugonjwa. Nilimwandikia tena mwalimu, nikamwomba radhi, nikamwambia aningoje wiki moja.

Ubovu ulikuwa mmoja uliozaa mwingine. Grisi iliyokauka ilizuia kitufe, na mafuta yaliyowekwa kutibu ukavu ule yakatambaa hadi kwenye klachi ya spuli. Angekuwa na kosa la kwanza pekee, picha zake zingekuwa na nafasi pana na pengine angepoteza picha mbili tatu mwishoni. Angekuwa na la pili pekee, mkono ungekwama mapema na angejua. Yalipokutana, kamera iliendelea kujifanya nzima hadi picha ya 36, na hilo ndilo lililomponza.

Kuisafisha klachi kulinichukua siku mbili, si kwa ugumu bali kwa kungoja. Petroli niliingiza kwa sindano yenye ncha butu kwenye mwanya wa spuli, nikaizungusha spuli kwa kidole ikiwa imezuiliwa upande mmoja, nikanyonya kwa kitambaa, nikaacha ikauke usiku kucha. Kitambaa cha kwanza kilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Cha pili kilikuwa hafifu. Cha tatu kilitoka cheupe. Sikuweka kitu chochote ndani ya klachi baada ya hapo. Kwenye mhimili wa kitufe niliweka grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha ncha ya sindano, nikafuta hata hicho kikabaki kivuli chake.

Safari hii nilipima ipasavyo. Niliweka mkanda wa majaribio wa picha 36, nikafunga mgongo, nikatoa lenzi. Shata nikaliweka B, pale linapobaki wazi muda wote kitufe cha kufyatulia kimebonyezwa, nikafunga waya wa kufyatulia wenye kufuli ili mapazia yabaki wazi, na kwa kalamu ya wino mzito nikachora mstari kwenye filamu, kwenye ukingo wa dirisha la picha. Kufungua kufuli, kuvuta, kufunga kufuli, kuchora. Mara 36. Kazi hii inataka mkono uliotulia, maana waya ukiachia ghafla pazia litaifuata kalamu, na pazia la kitambaa likichanika hakuna duka Kisumu litakalokuuzia jingine. Nilipotoa mkanda na kuutandaza dirishani, mistari ilikuwa imepangana kama mbao za uzio. Ya kwanza 38. Ya kumi na saba 38. Ya thelathini na tano 38, au labda 38 na nusu, rula yangu haioni zaidi ya hapo.

Mapazia niliyakagua kwa tochi upande wa mbele na wa nyuma. Hayakuwa na doa la mafuta. Sponji zilizooza niliziondoa zote, na kwenye mifereji ya mlango nikalaza uzi mweusi wa sufi kwa gundi kidogo.

Mkanda wa mwisho wa majaribio niliupiga kwa picha halisi, filamu nyeusi na nyeupe, pale ufuoni Dunga asubuhi boti zinapoingia. Nilisafisha mwenyewe. Maji ya bomba yalikuwa nyuzi 26 na dawa yangu naipenda kwenye 20, kwa hiyo nilichukua barafu kwa wauza samaki, nikaweka chupa ndani ya karai nikasubiri kipimajoto kishuke. Picha zilitoka 37, na kati yake nafasi za milimita 2.

Mwalimu alikuja Jumapili, siku ya soko la Kibuye, mji umejaa. Nilimwonyesha jambo moja kabla sijapokea malipo. Ukishaweka mkanda, kaza kishikio cha kurudishia kilicho juu kushoto mpaka kigome, kisha vuta mkono ukikitazama. Filamu ikitembea, kishikio kinazunguka kinyume. Kisipozunguka, filamu imelala, hata kaunta iseme nini. Aliweka mkanda mwenyewe, vidole vyake vikijua njia, akavuta mara mbili. Kishikio kilizunguka. Akavuta mara ya tatu, bila haja, akikitazama tu.

Kisha akauliza kuhusu picha za kumbukumbu. Nilikuwa nimezishughulikia. Kumi na sita za kwanza zilikuwa nzima, nimezichapisha zote. Ya 17 na ya 18 zilikuwa zimepandana kidogo, tulizikata pembeni na zikasimama vizuri. Moja ilikuwa ya mwenyekiti wa kikundi cha akina mama akisoma historia ya marehemu. Kuanzia ya 19 sikuweza kufanya kitu. Mwanga wa picha mbili ukishaangukia mahali pamoja kwenye filamu hautenganishiki tena, na nilimwambia hivyo bila kuzunguka.

Alizipitia moja moja akiwa amekaa kwenye benchi langu. Ile ya shangazi na masufuria aliishika kwa muda kwenye mwanga wa mlango. Akauliza kama naweza kuichapisha hivyo ilivyo, kwa kuwa shangazi huyo alizikwa mwezi wa nane. Nikamwambia naweza.